Tumbo la mama: kwa nini ugonjwa mmoja wa utumbo husimuliwa tofauti kutoka jamii hadi jamii

Yuko mgonjwa ambaye karibu kila mhudumu wa zahanati anamfahamu. Ni mama wa miaka thelathini au arobaini. Tumbo limemsumbua kwa miaka. Linajaa gesi, linasokota, akienda haja linatulia kidogo, kesho linaanza upya. Wiki hii anaharisha, wiki ijayo siku tatu hapati choo. Ameshatibiwa taifodi. Ameshatibiwa amiba. Amekunywa dawa za minyoo, dawa za vidonda vya tumbo, na mizizi aliyoletewa na shangazi yake. Mwisho wa safari anaambiwa: "Mama, vipimo havioni kitu. Huna ugonjwa."

Anarudi nyumbani na maumivu yale yale, na fedha iliyowekwa kwa ajili ya mbolea imekwisha.

Inawezekana kabisa mama huyo ana ugonjwa, tena wenye jina. Madaktari huuita kwa herufi tatu: IBS. Kwa Kiswahili bado hauna jina moja lililozoeleka, kwa hiyo katika makala haya tutauita utumbo msumbufu. Swali tunalolijibu leo limewashughulisha watafiti kwa miaka mingi: je, ugonjwa huu unawapata wanawake wa kila kabila na kila rangi kwa namna moja? Na kama kuna tofauti, zinatoka wapi?

Utumbo msumbufu ni nini?

Utumbo ni kama bomba refu lenye misuli. Misuli hiyo hukaza na kulegea kwa zamu ili kusukuma chakula mbele. Kazi hiyo inaongozwa na mishipa ya fahamu iliyomo ndani ya utumbo wenyewe, ambayo huwasiliana na ubongo usiku na mchana. Ndiyo maana mtu akipata habari ya kutisha tumbo hukata, na mwanafunzi huharisha asubuhi ya mtihani.

Kwa mwenye utumbo msumbufu, mawasiliano hayo yamevurugika. Utumbo unasukuma upesi mno au polepole mno. Tena umekuwa mwepesi wa kuhisi: gesi ambayo mtu mwingine asingeitambua, yeye inamuuma. Ukipima damu au choo, au hata ukiingiza kamera, utumbo unaonekana mzima. Kinachosumbua ni jinsi unavyofanya kazi, na maumivu yake ni ya kweli.

Kwa kuwa hakuna kipimo kimoja cha kuuonyesha, wataalamu wa mataifa mbalimbali wamekubaliana namna ya kuutambua kwa maelezo ya mgonjwa. Kanuni zinazotumika sasa zilitolewa mwaka 2016. Zinasema hivi: maumivu ya tumbo yanayorudi angalau siku moja kwa wiki, kwa miezi 3 iliyopita, na tatizo liwe limeanza si chini ya miezi 6 nyuma. Pamoja na maumivu hayo, yawepo mambo mawili kati ya haya matatu: maumivu yanahusiana na kwenda haja kubwa, idadi ya safari za chooni imebadilika, au choo chenyewe kimebadilika na kuwa kigumu au laini kuliko kawaida.

Je, Waafrika hawaugui ugonjwa huu?

Zamani madaktari wengi waliamini hivyo. Walidhani ni ugonjwa wa Wazungu, hasa wanawake wa mijini. Sehemu ya imani hiyo ilitokana na chakula, na hapa Afrika Mashariki ina nafasi yake katika historia. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda kwa miaka mingi, ikiwemo katika hospitali ya Mulago jijini Kampala. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vya choo cha watu wa sehemu mbalimbali. Wanakijiji wa Uganda, waliokula vyakula visivyokobolewa, walipata choo kingi mara kadhaa kuliko Waingereza, na chakula kilipita tumboni mwao kwa muda mfupi zaidi. Burkitt aliona kwamba nyuzinyuzi za chakula hicho ziliwakinga watu na magonjwa mengi ya utumbo.

Alikuwa na hoja kuhusu nyuzinyuzi. Lakini watu waliposikia kwamba matumbo ya Waafrika ni imara, wengine walifika mbali zaidi wakadhani Waafrika hawapati utumbo msumbufu. Watafiti wa Nigeria walipoanza kuwauliza watu moja kwa moja, tangu miaka ya 1990, waliwakuta wenye dalili hizo ni wengi, wakiwemo wanafunzi wa udaktari wenyewe. Ugonjwa ulikuwepo siku zote. Waliokosekana ni watu wa kuuliza.

Huko Marekani nako watafiti walilinganisha watu weusi na weupe wanaoishi nchi moja. Utafiti wa mwaka 2005 ulikuta viwango vya ugonjwa kwa makundi hayo mawili vinakaribiana. Mpaka leo hakuna ushahidi imara kwamba rangi ya mtu au kabila lake, kwa lenyewe, linamkinga na utumbo msumbufu au kumsababishia.

Utafiti mkubwa kuliko yote ulitolewa mwaka 2021. Ulihusisha watu zaidi ya 73,000 katika nchi 33. Barani Afrika zilikuwemo Nigeria, Ghana, Misri na Afrika Kusini. Tanzania na Kenya hazikuwemo. Kwa ujumla wanawake waliugua zaidi ya wanaume. Ila kulikuwa na jambo moja la kuangaliwa. Walioulizwa kwa njia ya intaneti, peke yao na simu au kompyuta, karibu 4 katika kila 100 walikuwa na utumbo msumbufu. Walioulizwa ana kwa ana nyumbani kwao hawakufika 2 katika 100. Nchi zilizotumia njia hizo mbili zilikuwa tofauti kwa sehemu kubwa, kwa hiyo sababu haiwezi kuwa moja. Lakini jiulize mwenyewe: mgeni akija kwako na karatasi, mama mkwe amekaa pembeni, utamweleza habari za choo chako?

Kwa nini wanawake?

Katika nchi nyingi wanawake wenye ugonjwa huu ni wengi kuliko wanaume. Sehemu ya sababu ni mwili. Homoni za kike hupanda na kushuka kila mwezi, na utumbo huzisikia. Wanawake wengi wenye ugonjwa huu husema tumbo huwa baya zaidi siku za kukaribia hedhi na siku za hedhi yenyewe. Pia wanawake husumbuliwa zaidi na kufunga choo, na wanaume zaidi na kuharisha.

Hata hivyo mwili haumalizi maelezo. Angalia India: katika hospitali nyingi za huko, wagonjwa wa utumbo msumbufu waliorekodiwa wengi walikuwa wanaume. Moja ya maelezo yanayotolewa ni kwamba mwanaume ndiye aliyepata nauli, muda na ruhusa ya kwenda hospitali. Maumivu ya mke yalibaki jikoni. Kwa hiyo ukiona takwimu za hospitali zinasema wanawake wa jamii fulani hawaugui, uliza kwanza kama wanafika hospitali.

Yapo pia mazingira ya maisha. Mama anayesubiri giza liingie ndipo aende haja, kwa kuwa choo hakina mlango au kiko mbali, anaubana utumbo wake kila siku. Kubana haja mara kwa mara huzidisha kufunga choo na maumivu. Mama anayekula mwisho baada ya wote kushiba, harakaharaka, akiwa na wasiwasi wa ada na madeni, utumbo wake unapokea wasiwasi huo kupitia mishipa ile ile tuliyoitaja. Na ugonjwa wa tumbo wa maji machafu huacha mabaki. Kati ya watu waliopata maambukizi makali ya tumbo, mmoja hivi katika kila 10 hubaki na utumbo msumbufu hata baada ya vijidudu kuisha, na wanawake zaidi ya wanaume. Jambo hili lilionekana wazi katika mji wa Walkerton nchini Kanada. Mwaka 2000 maji ya bomba ya mji huo yaliingia vijidudu, na watafiti waliofuatilia wakazi wake miaka iliyofuata walikuta wengi bado wana matumbo yanayosumbua. Kama Kanada ilikuwa hivyo kwa tukio moja, fikiria kijiji ambacho watu huharisha kila masika.

Neno "tumbo" lina nyumba nyingi

Hapa ndipo tofauti za jamii zinapoonekana zaidi: katika maneno.

Kanuni za zamani za kutambua ugonjwa huu zilitaja maumivu au "hali ya kutojisikia vizuri tumboni". Mwaka 2016 wataalamu waliyaondoa maneno hayo ya pili. Sababu mojawapo ni kwamba kila lugha iliyaelewa kivyake, na lugha nyingine hazikuwa na neno la kuyabeba. Katika nchi kadhaa za Asia wagonjwa hulalamikia zaidi tumbo kujaa, na wengi huonyesha kidole juu ya kitovu, wakati vitabu vya Ulaya viliwazoesha madaktari kutazama chini ya kitovu. Ugonjwa ni mmoja, lakini daktari aliyesoma kitabu kimoja anaweza asiutambue.

Sasa tuje kwetu. Mwanamke akisema kwa Kiswahili "naumwa tumbo", amesema mambo mengi kwa mpigo. Tumbo ni la chakula. Tumbo ni la hedhi. Tumbo ni mimba. Sehemu nyingi, hasa pwani, maumivu ya chini ya kitovu kwa mwanamke huitwa chango, na chango linafikiriwa kuwa jambo la uzazi. Akishasema chango, mazungumzo yote yanageukia kizazi: amezaa mara ngapi, anapata mimba, hedhi yake ikoje. Hakuna anayemuuliza kuhusu choo. Naye hasemi, kwa sababu amelelewa kujua kwamba mambo ya chooni hayasemwi mbele ya mtu, hasa mbele ya mhudumu kijana wa kiume anayeweza kuwa mwanawe.

Kukosea huko kuna gharama. Utafiti wa California, Marekani, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuta watu wenye utumbo msumbufu walikuwa wameondolewa mfuko wa nyongo karibu mara 3 ya watu wengine, na wanawake wenye ugonjwa huo walikuwa wameondolewa kizazi karibu mara 2. Si wote waliokosewa. Lakini inaonyesha jinsi maumivu ya utumbo yanavyoweza kudhaniwa kuwa ya kiungo kingine, na kisu kikafika mahali ambapo tatizo halikuwepo.

Upande wa pili nao ni kweli. Yapo magonjwa halisi ya kizazi yanayofanana na utumbo msumbufu. Mojawapo ni ule ambao nyama inayofanana na ya ndani ya kizazi huota nje yake, huitwa endometriosi, na huleta maumivu makali ya hedhi, maumivu wakati wa tendo la ndoa au wakati wa kwenda haja. Mwanamke anaweza kuwa na yote mawili. Ndiyo maana anapaswa kuulizwa habari za hedhi na za choo pia, bila kuruka lolote.

Nani anasikilizwa?

Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha Virginia, Marekani, waliwauliza wanafunzi wa udaktari na madaktari wanaoanza kazi, wote weupe, kuhusu miili ya watu weusi. Karibu nusu yao walikubali angalau jambo moja la uongo, kwa mfano kwamba ngozi ya mtu mweusi ni nene zaidi. Wenye imani hizo walielekea kuyapunguza maumivu ya mgonjwa mweusi wanapoyakadiria, na kukosea zaidi katika kumpangia matibabu.

Utafiti huo haukuhusu tumbo, lakini unahusu moyo wa suala letu. Ugonjwa usioonekana kwenye kipimo unategemea mgonjwa kuaminiwa. Na kutoaminiwa hakuhitaji tofauti ya rangi. Kwetu mama anaweza kudharauliwa kwa sababu ya lafudhi yake, mavazi yake ya kifugaji, kutojua kusoma, au kwa sababu tu "akina mama wa kabila hili ni waoga" na "wale ni wavumilivu, hawasemi". Anayeitwa mwoga hapewi vipimo. Anayeitwa mvumilivu haulizwi. Wote wawili wanarudi nyumbani bila msaada.

Tofauti moja iliyo kwenye damu kweli

Ipo tofauti ya asili inayofaa kujulikana, kwa kuwa hufanana sana na utumbo msumbufu. Ni maziwa.

Karibu kila mtoto huzaliwa na uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa. Kwa watu wengi duniani uwezo huo hupungua wanapokua. Katika jamii zilizoishi kwa maziwa kwa maelfu ya miaka, wengi huendelea nao mpaka uzee. Mwaka 2007 wanasayansi walioongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha utafiti wa watu 470 kutoka makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Waligundua kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki wana mabadiliko yao wenyewe ya vinasaba yanayowawezesha kunywa maziwa ukubwani, tofauti na yale ya watu wa Ulaya.

Maana yake nyumbani ni hii. Wanawake wawili majirani, mmoja wa asili ya wafugaji na mwingine wa asili ya wakulima, wanakunywa chai ya maziwa ile ile. Mmoja anaendelea na kazi. Mwingine baada ya saa moja au mbili tumbo linajaa, linaunguruma, anaharisha. Si kila mfugaji ana uwezo huo, wala si kila mkulima hana, kwa hiyo usipime kwa jina la kabila. Jipime mwenyewe: acha maziwa mabichi na ya kuchemsha kwa wiki mbili, uone. Dalili zikitoweka na zikarudi uliporudia maziwa, umepata jibu bila kununua dawa. Mtindi huwa rahisi zaidi kwa watu wengi, kwa kuwa sehemu ya sukari yake imeshaliwa na bakteria wakati wa kuganda.

Kawaida yako ni ipi?

Tofauti nyingine inatokana na sahani. Vitabu vya kigeni husema kwenda haja kuanzia mara 3 kwa siku hadi mara 3 kwa wiki ni kawaida. Lakini mama aliyezoea ugali wa dona, maharage na mboga za majani, anayekwenda mara mbili kila siku, akianza kwenda mara moja kwa siku tatu anajua kuna jambo. Kitabu kitasema yuko sawa. Mwili wake unasema hapana. Kwa hiyo usilinganishe choo chako na cha mtu wa kabila jingine au nchi nyingine. Kilinganishe na cha kwako cha mwaka jana. Hata kwa mhudumu, sema hivyo: "Kawaida yangu ilikuwa hivi, sasa imekuwa hivi."

Lakini usijipe jina la ugonjwa mwenyewe

Baada ya kusoma haya, unaweza kusema "basi nina utumbo msumbufu". Subiri. Katika maeneo yetu kuna mengi yanayofanana nao ambayo yana tiba: minyoo, amiba, giardia, kichocho cha tumbo hasa kwa wanaoishi kando ya Ziwa Victoria na maziwa mengine, kifua kikuu cha tumbo, na matatizo yanayoambatana na virusi vya UKIMWI. Hayo yaangaliwe kwanza.

Lipo pia tatizo la kinyume: kutibiwa kila mara ugonjwa usiokuwepo. Kipimo cha damu cha taifodi kinachotumika sana, kiitwacho Widal, kinaweza kuonyesha "ipo" kwa mtu aliyeugua zamani, aliyechanjwa au mwenye maambukizi mengine. Taifodi huja na homa inayodumu siku kadhaa. Mtu asiye na homa, mwenye tumbo la gesi la miaka mitano, akitibiwa taifodi mara nne kwa mwaka, yafaa aulize swali. Dawa za kuua bakteria zikitumiwa ovyo huvuruga utumbo zaidi, na siku ukizihitaji kweli zinaweza zisifanye kazi.

Na zipo dalili ambazo kamwe usiziite gesi. Ukiona mojawapo, nenda kituo cha afya au hospitali mapema:

- Damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami.
- Kupungua uzito bila kukusudia.
- Homa, au kutapika kusikokoma.
- Maumivu au kuharisha kunakokuamsha usingizini.
- Upungufu wa damu: kuchoka, kupauka, moyo kwenda mbio.
- Uvimbe unaoshikika tumboni.
- Dalili zilizoanza ukiwa na miaka 50 au zaidi.
- Ndugu wa karibu aliyeugua saratani ya utumbo.

Kwa mama wa miaka 50 na kuendelea, tumbo linaloanza kujaa karibu kila siku na kushiba upesi kuliko zamani linaweza kuwa saratani ya vifuko vya mayai. Huyo asiambiwe ni gesi kabla hajapimwa.

Namna ya kumweleza mhudumu

Kabla ya kwenda, weka kumbukumbu kwa wiki mbili. Kama huandiki, mwombe mwanao au tumia sauti ya simu yako. Rekodi mambo matano: siku uliyoumwa, mahali palipouma, ulikwenda haja mara ngapi na choo kilikuwaje, ulikula nini, na kama ulikuwa karibu na hedhi.

Ukifika, usiishie kwenye "naumwa tumbo" au "nina chango". Onyesha kwa kidole. Sema kama linakata, linasokota, linachoma au linajaa. Sema kama ukienda haja linatulia au linazidi. Ukiona haya kwa mhudumu wa kiume, una haki ya kuomba wa kike akiwepo. Na ukitibiwa taifodi au amiba kwa mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja, uliza kwa heshima: "Daktari, kipimo cha choo kimeonyesha nini? Inaweza kuwa kitu kingine?"

Tiba ipo?

Hakuna dawa ya kuung'oa, lakini wengi hupata nafuu kubwa. Pia ni vizuri kujua kwamba utumbo msumbufu haugeuki kuwa saratani. Kwa mama aliyekesha akidhani anakufa, kuyajua hayo peke yake ni nafuu ya kwanza.

Chakula kinasaidia. Watafiti wa chuo kikuu cha Monash, Australia, walionyesha kwamba baadhi ya sukari za kwenye vyakula huchacha haraka utumbo mpana na kuleta gesi. Kwetu vyakula hivyo ni pamoja na maharage, kitunguu maji, kitunguu saumu, ngano na maembe. Wali, ugali wa mahindi na viazi mviringo huwa vyepesi zaidi kwa wengi. Usiache vyote kwa mpigo, maana maharage ni nyama ya wengi wetu. Punguza kimoja kwa wiki mbili, kisha kirudishe uone. Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, ndipo upike kwa maji mengine. Anayefunga choo aongeze maji na nyuzinyuzi kidogo kidogo. Pumba nyingi kwa ghafla huweza kuzidisha gesi na maumivu.

Kula bila haraka, tembea, lala vya kutosha kadiri maisha yanavyoruhusu, na usibane haja. Kwenye familia, mlango wa choo ni sehemu ya matibabu ya mama.

Zipo dawa za kulegeza misuli ya utumbo na za kulainisha choo. Daktari pia anaweza kuandika dozi ndogo ya amitriptilini, dawa inayojulikana zaidi kwa kutibu sonona. Usikasirike ukadhani umeitwa mgonjwa wa akili. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2023, uliohusisha wagonjwa 463, ulionyesha kwamba dozi hiyo ndogo hupunguza dalili za utumbo msumbufu, kwa kuwa hutuliza mishipa inayopeleka maumivu kwenye ubongo. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Usiinunue mwenyewe dukani, na kama una mimba au unanyonyesha, mwambie.

Turudi kwa mama yetu wa mwanzo, aliyeambiwa hana ugonjwa. Awe Mmakonde, Msukuma, Mmasai au Mdigo, utumbo wake unafanya kazi kama wa mwanamke wa Ghana au wa Chicago. Kinachotofautiana ni chakula chake, maji yake, choo chake, maneno yake, na yule aliyekaa upande wa pili wa meza anayemsikiliza. Mambo hayo yote yanaweza kubadilika, na la kwanza linaanza siku atakapotaja kinachouma kwa jina lake, na mhudumu akauliza swali la pili.